Kuhusu yule mgeni wenu

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na pole kwa mzigo. Baadhi ya wanafunzi wanataka mwaliko wa mgeni mliyemwita kuhutubia chuoni ufutwe kwa sababu hoja zake zinawakera, wenzao wanasema ukifutwa wataandamana, na wewe mlezi wao umebanwa katikati.

Mimi ningeanza kwa kutenganisha mambo mawili. Mwanafunzi akikuta vitisho vimeandikwa mlangoni pake, akifuatwafuatwa akitoka maktaba usiku, au dini yake ikigeuzwa tusi la kumwitia, hapo hakuna mjadala: chuo kimlinde, na aliyetenda awajibishwe. Kusikia hoja inayokera, hata ikimkosesha mtu usingizi, ni jambo jingine. Mkiyachanganya, atakayeumia ni yule mwenye vitisho mlangoni, kwa kuwa malalamiko yake yatapotea ndani ya lundo.

Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Chicago kiliwaandikia wanafunzi wapya kwamba hakifuti mialiko kwa sababu tu mada ya mgeni ina utata. Hapo niko nao. Barua hiyohiyo ilikataa pia kuunga mkono maonyo ya mapema kabla ya mada nzito, na hapo tunaachana. Mwalimu akisema, "Wiki ijayo tutasoma habari za ubakaji, jiandaeni," amemnyima nani elimu? Hiyo ni adabu tu.

Ya Chuo cha Middlebury, Marekani, mwaka 2017, unayakumbuka? Wanafunzi walimzomea Charles Murray, mwandishi anayepingwa sana kwa maandishi yake kuhusu rangi na akili, mpaka akashindwa kuhutubia ukumbini, kisha fujo zikahamia nje. Aliyeumia shingo ni profesa aliyeandaliwa kumbana mgeni kwa maswali. Yaani aliyekuja kumkabili kwa hoja ndiye aliyeishia hospitali!

Kwa hiyo mwacheni aje, ila asihutubie na kuondoka. Muda mrefu uwe wa maswali, na wanaompinga waanze wao. Wanaotaka kuandamana kumpinga wapewe mahali pao, pasipoziba mlango.

Kuna jambo moja linanikwaza, sikufichi. Tukihubiri uvumilivu, anayeombwa avumilie huwa ni yuleyule kila mara. Mjadala kuhusu wahamiaji kwa mmoja ni zoezi la akili, kwa mwenzake ni habari za mama yake mzazi. Kanuni pekee hazitaliondoa hilo. Angalau asilazimishwe kuhudhuria, na akihudhuria asigeuzwe msemaji wa watu wake. Utamkuta mwalimu, tena mwenye nia njema, anamgeukia: "Hebu tuambie ninyi mnaonaje." Ninyi nani?

Darasani kwangu hakuna kumpinga mwenzako kabla hujaieleza hoja yake, mpaka mwenyewe akubali kwamba ndicho alichosema. Mwanzoni ni mateso. Juzi binti mmoja alieleza, mwenzake akatikisa kichwa. Akaeleza tena, kichwa kikatikiswa tena, darasa likacheka. Mwishowe yule kijana akasema, "Naam, hapo sawa." Binti akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo hata mimi sikuwa nimeliwaza. Hawakukubaliana, na sikutaka wakubaliane.

Jaribuni hilo na viongozi wa pande zote mbili kabla mgeni hajafika, mkiwa wachache, bila simu za kurekodi. Na tangazo lenu nitumie nilipitie kabla hamjalibandika, maana mkiwa na hasira huwa mnaandika marefu.

Wasalimie nyumbani.

Rafiki yako,
Rehema