Kilemba cha ukoka

Chake Chake, Pemba

Ndugu yangu Hamadi,

Assalamu alaikum. Barua yako nimeipata, na swali lako limenikaa kichwani wiki nzima: kwa nini wazee wetu wakasema kuwa mtu aliyedanganywa kwa sifa amevikwa kilemba cha ukoka?

Kilemba hakinipi tabu. Itazame picha yoyote ya Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, uone kitambaa kilivyozungushwa kichwani mwake. Hata asiye na ufalme alikuwa na chake, kwani fundi aliyemaliza kumfunza kijana kazi alipewa ada iliyoitwa kilemba, na baba wa bibi harusi vivyo hivyo. Kilemba, basi, ni heshima yenye sababu.

Ukoka ndio ulionishughulisha. Kwa nini si ukindu, au majani ya mgomba? Juzi nilimwona mjukuu wangu uani, ameng'oa ukoka mrefu uliotambaa kandokando ya banda la ng'ombe, akausokota na kujizungushia kichwani. Asubuhi, kwa mbali, ulipendeza kweli, mbichi na umekaa sawasawa. Ilipofika adhuhuri ulikuwa umenyauka, unamteremkia machoni, na ndama anamnyemelea kwa nyuma.

Hapo nikaelewa, au nadhani nimeelewa, ukali wa usemi huu. Anayechekwa ni aliyesifiwa, kwa sababu mtu haoni kichwa chake mwenyewe, ilhali baraza zima linamwona amebeba chakula cha ng'ombe. Ndiyo maana siwezi kuuweka fungu moja na porojo wala soga, ambazo ni maneno ya kupitishia wakati tu. Kilemba cha ukoka kina mvishaji, na mvishaji ana haja yake.

Mimi mwenyewe nimeshavikwa. Mwaka jana jirani mmoja, kikombe cha kahawa mkononi, alinisifu barazani kuwa khati yangu haina mfano kisiwa kizima. Nikaona haya, lakini nikaamini. Kabla ya magharibi alikuwa ameshaondoka na baiskeli yangu, na iliporudi siku ya nne haikuwa na kengele.

Nijibu jambo moja: huko mjini mwasema "kuvika" au "kuvisha"? Hapa nasikia yote mawili. Nisalimie wote nyumbani, na ukijibu, khati yangu usiitaje.

Wasalaam,
Ndugu yako wa Chake