Miwani pekee haitoshi, mkono nao ushike molekuli

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niongeze neno kwenye hoja ya msomaji aliyependekeza hivi karibuni kwamba vyuo vyetu vinunue miwani ya uhalisia pepe, ile inayomzungushia mtu picha za kompyuta pande zote, ili wanafunzi wa kemia na famasia waweze "kuingia" ndani ya protini. Sina ugomvi na miwani. Ninachosema ni kwamba jicho, hata likivishwa miwani ya bei gani, halioni nguvu, na kemia ya dawa ni habari ya nguvu: nini kinavuta, nini kinasukuma, na kwa kiasi gani.

Sisi walimu tumezoea kueleza kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini, na dawa inayokiziba, kwa mfano wa kufuli na ufunguo. Mfano huo hukaa kichwani upesi, lakini humwacha mwanafunzi akidhani kwamba kufuli ni chuma kilichotulia na kwamba ufunguo hauguswi na lolote hadi ufike tunduni. Protini hutikisika muda wote, na molekuli yenye chaji huanza kuvutwa au kufukuzwa ikiwa bado haijagusa kitu. Hilo ndilo analolihisi mtu anayetumia kifaa kinachorudisha nguvu mkononi, yaani kalamu iliyofungwa kwenye mkono mdogo wenye mota, ambayo ikiunganishwa na programu ya kuiga mwendo wa molekuli humwezesha kuikamata atomu moja, kuivuta, na kuhisi jinsi nyingine zinavyoizuia.

Jambo hili si geni. Frederick Brooks na wenzake katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, walianza mradi wao wa GROPE mwaka 1967, na katika taarifa ya mwaka 1990 walieleza jinsi wanakemia walivyopachika dawa kwenye protini kwa kutumia mkono mkubwa wa mitambo, wa aina iliyobuniwa kwa kushikia vitu vyenye mionzi. Kazi ilikwenda haraka kuliko kwa kutazama tu, ila kilichokuwa na thamani zaidi, kwa maoni ya watafiti hao, ni kwamba wanakemia walisema wameelewa upya kwa nini dawa moja inakaa vizuri na nyingine haikai. Mwaka 2001 kundi la Klaus Schulten katika Chuo Kikuu cha Illinois likaeleza mfumo unaounganisha VMD, programu ya kuonyesha molekuli, na NAMD, programu ya kukokotoa mwendo wake, na kifaa cha namna hiyo.

Wasomaji wa rika langu wanakumbuka mwaka 2001 Tanzania ilipoacha klorokwini katika kutibu malaria na kuingia SP (sulfadoksini na pirimethamini), na jinsi ambavyo miaka michache baadaye ilibidi tuhamie dawa ya mseto. Pirimethamini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo ndani ya SP, hufanya kazi kwa kuziba kimeng'enya cha kimelea cha malaria, kimeng'enya kiitwacho kwa kifupi DHFR. Hatua muhimu ya usugu hutokea pale asidi amino (kiungo kimoja cha mnyororo wa protini) ya 108, serini, inapobadilika kuwa asparajini, ambayo tawi lake la pembeni ni kubwa zaidi na hugongana na pete ya atomu iliyomo kwenye dawa. Nimeyaandika haya ubaoni mara nyingi, na mara nyingi yamekaririwa kwa ajili ya mtihani tu. Ningetamani mwanafunzi aisukume pirimethamini ndani ya kimeng'enya cha kawaida, kisha ndani ya kile kilichobadilika, ahisi mwenyewe inapokwama.

Hata hivyo, anachokihisi kisichukuliwe kuwa kipimo. Nguvu halisi za molekuli huhesabiwa kwa pikonyutoni, yaani sehemu za trilioni za nyutoni moja, na programu huzikuza mabilioni ya mara ndipo kiganja kizihisi. Aidha, uigaji husonga kwa hatua za takriban femtosekunde moja, yaani sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo anayetaka kuona dawa ikiingia ndani ya dakika chache hulazimika kuvuta kwa nguvu na kasi zinazozidi sana zile za maumbile. Ni kama kumburuta ng'ombe kwa winchi kisha kuandika kwamba hivyo ndivyo anavyotembea. Vilevile kifaa huhitaji kuelezwa nguvu mpya karibu mara 1000 kwa sekunde, na kompyuta ikichelewa bila programu kuziba pengo hilo, kifaa huanza kutetemeka, na mgeni hudhani ni molekuli inayotetemeka.

Kuhusu gharama, vifaa vya maabara vya aina hii huuzwa kwa maelfu ya dola, ingawa Novint Falcon, kilichotoka mwaka 2007 kwa ajili ya wacheza michezo ya kompyuta, kilionyesha kwamba bei inaweza kushuka sana. VMD na NAMD hutolewa bure kwa matumizi ya kitaaluma. Idara inayotaka kununua miwani kumi ingepunguza miwili au mitatu, ikatafuta mkono mmoja wa mota kwa fedha hizo, na kumpa fundi wake wa kompyuta muda wa kujifunza kuuunganisha na programu, kwani hapo ndipo siku zinapoishia.

Mwalimu wa kemia,
Morogoro.