Homa iliisha, vidole havikurudi

Mhariri,

Mimi ni mpishi wa mahamri Kisauni, Mombasa. Kazi yangu huanza saa tisa za usiku, kwa kukuna nazi na kukanda unga, kwa hiyo mikono hii ndiyo duka langu. Januari 2018 nilishikwa na chikungunya, ugonjwa wa kirusi unaoenezwa na mbu. Niliambiwa ninywe maji kwa wingi na nimeze parasetamoli, wiki moja itakuwa imekwisha. Homa iliisha kweli, siku ya tano. Vidole ndivyo vilivyobaki.

Asubuhi nilikuwa siwezi kufunga ngumi. Kopo la iliki nilikuwa nikifunguliwa na mjukuu wangu wa miaka sita. Kwenye mbuzi ya nazi nikishakaa, kuinuka ni mpaka nishike ukuta. Jirani yangu Mmakonde aliniona navyotembea akaniambia neno chikungunya ni la kwao, la uwanda wa Newala kule Tanganyika, ambako ugonjwa huu ulijulikana katika mlipuko wa 1952 na 1953. Maana yake ni kujikunja. Basi waliolitoa jina hilo hawakuitazama homa, walimtazama mtu anavyopinda kwa maumivu ya viungo. Sisi hapa tunatibiwa homa, tukishapoa tunaambiwa tumepona.

Mwezi wa tatu nilikwenda duka la dawa, sina cheti cha daktari. Nikapewa tembe ndogo nyeupe zimefungwa kwenye karatasi isiyoandikwa kitu. Baada ya siku mbili ngumi ikafunga, nikamshukuru Mungu. Nilizimeza miezi minne. Uso ukavimba ukawa duara, presha ikapanda, na kila nikijaribu kuacha, maumivu yanarudi kwa kishindo. Kumbe zilikuwa steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe.

Daktari wa viungo niliyefikishwa kwake baadaye hakunikemea. Alisema kwanza nisizikatize kwa ghafla, kwani mwili uliokwisha kuzizoea unaweza kuanguka, akanipunguzia kidogo kidogo. Akapima damu ajue kama si baridi yabisi ya kawaida. Akanieleza kwamba hakuna dawa ya kukiua kirusi hiki. Hata klorokwini, dawa ya zamani ya malaria ambayo watu wengi huiulizia, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kisiwa cha Réunion wakati wa mlipuko mkubwa wa 2005 na 2006 na haikuwafaa. Kinachotibiwa ni uvimbe na ukakamavu. Dawa kama ibuprofeni husaidia, lakini kwa muda mfupi, baada ya chakula, na mwenye presha au figo mbovu aangaliwe. Na wakati homa bado iko juu, ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zisiguswe kabla ya kuhakikisha si dengi, homa nyingine ya mbu, maana dengi nayo iko hapa kwetu na dawa hizo zinaweza kumtoa mgonjwa damu.

Kilichonirudisha jikoni hasa ni mazoezi. Mtaalamu wa fiziotherapia alinifundisha kutia mikono kwenye karai la maji vuguvugu, nikamue sponji mara kumi, kisha kidole gumba kiguse ncha ya kila kidole, kimoja kimoja, bila haraka. Asubuhi na jioni. Siku za kwanza kidole cha mwisho kilikuwa hakifikiki, nikalia. Mwezi wa tano wa mazoezi nilisukuma unga wa kilo mbili peke yangu. Karai na sponji havikunigharimu chochote, vilikuwemo nyumbani siku zote. Nilikosa mtu wa kunionyesha.

Pale kliniki nilikaa na mama mwenzangu ambaye vifundo vyake vilikuwa vimevimba zaidi ya nusu mwaka. Yeye alipewa methotreksati, dawa kali ya kupunguza nguvu ya kinga ya mwili, tembe za mara moja kwa wiki. Namtaja kwa sababu dawa hiyo mtu akiimeza kila siku kwa makosa inaweza kumuua, haitolewi kwa mwenye mimba, na anayeitumia lazima damu yake ipimwe mara kwa mara. Si dawa ya kuazimana mlangoni.

Katika mlipuko ule wa Mombasa, waliotangazwa kufikia mwanzo wa Februari 2018 walikuwa 453, na 32 kati yao walithibitishwa na maabara. Hesabu ya waliobaki wakichechemea sijawahi kuisikia ikisomwa. Ombi langu kwa wakuu wa afya wa kaunti ni jambo dogo: mgonjwa wa chikungunya asitoke zahanati bila kuambiwa arudi akiwa bado anavimba baada ya miezi mitatu, na zahanati za Kisauni na Likoni ziwe na siku moja ya wiki ya fiziotherapia, ili mama wa biashara ndogo asilipe nauli ya kwenda mbali kufundishwa kukamua sponji.

Nimeandika leo kwa sababu juzi mteja wangu, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, alishindwa kuokota shilingi kumi mezani pangu. Homa ilimtoka miezi mitatu iliyopita. Nilipomuuliza anatumia nini, alifungua fundo la leso akanionyesha karatasi isiyoandikwa kitu, ndani tembe ndogo nyeupe. Jumatatu tunakwenda pamoja kliniki, na hiyo karatasi nimemwambia aibebe daktari aione.

Mpishi wa mahamri,
Kisauni, Mombasa