Sukari yangu ilianzia mu kalasi ya mama

Bwana muhariri,

Salamu toka huku Kadutu, mu Bukavu. Siku zile muliandika ku ukurasa wa afya juu ya ugonjwa wa sukari na tansio (presha), mimi ile makala niliisomea ku benchi ya lopitali, nangojea waite jina yangu nipimwe glisemi, ile sukari ya mu damu. Muandishi aliongea vizuri juu ya sukre (soda), juu ya mafuta ya kukaangia ile inarudiwa mpaka inakuwa nyeusi, juu ya watu wenye kupanda moto (pikipiki) hata kwa kwenda kanisa ya pale chini tu. Sawa, niko naye. Lakini mwisho akasema sukari ni ugonjwa ya watu wenye kujiachilia, na pale njo nilikunja gazeti nikaikalia, juu mimi niko na miaka 39, pombe sikunywaka, kila siku natembea kwa miguu toka Kadutu mpaka Nyawera na kurudi, na ile mupando munaijua wenyewe, na bado asubuhi ile mashine ikanionyesha 168 mg/dl na sijatia kitu mu kinywa. Ikifika 126 kwa mwenye hajakula, wakirudia wanakuta ile ile, tayari wewe ni mugonjwa.

Sasa mimi nauliza nilijiachilia lini. Nikihesabu vizuri naona nilijiachilia nikiwa na mwaka moja na nusu.

Mama yangu alisoma mpaka ya pili primere (shule ya musingi), basi. Si juu hana akili, hapana, mama anaweka mu kichwa madeni ya watu wa soko nzima bila karatasi na hakosee hata faranga. Walimutoa juu kulikuwa kaka yake wa kusoma na kulikuwa mutoto wa kubeba mugongoni, mambo ile munaijua. Alinizaa kule Walungu 1986, na kila mwezi alikuwa ananipeleka ku kilo, kule wanapima watoto uzito. Fishi yangu, ile karatasi ya kilo, iko mpaka leo, mama hatupake karatasi, iko mu sanduku pamoja na karatasi ya ubatizo, imekunjwa mara nne na mikunjo imeshakuwa kama kitambaa. Niliifungua mwaka jana. Ule mustari wa kilo yangu unapanda vizuri mpaka miezi kumi, halafu unalala, halafu unaanza kushuka, na pale unaposhuka njo pale mudogo wangu alikuwa ameshaingia mu tumbo na mimi nimeachishwa ziwa. Pembeni muforomo (muuguzi) aliandika na biki nyekundu, mu Kifaransa: arudi kisha siku saba, apewe mayai, samaki, maharagi. Mama alirudi kisha mwezi. Nilimuuliza, mama, hii nyekundu ulifikiri ni nini? Akanijibu alifikiri ni alama ya kuonyesha kwamba wameshanipima.

Wakati alinirudisha nilikuwa na bwaki. Vijana wa leo pengine hawajue hii neno lakini wazee wa Kivu wote wanaijua, miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu, mutoto hataki kucheza hataki kucheka. Waganga wanaiita kwashiorkor, jina yenye daktari Cicely Williams alichukua ku lugha ya Ga kule Ghana akaiandika mu gazeti ya waganga 1935, na mu ile lugha maana yake ni ugonjwa wenye mutoto anapata wakati mudogo wake anakuja. Yaani wamama wa Ghana walikuwa wameshaelewa mambo yote mbele ya daktari, walikosa tu mutu wa kuwauliza.

Mimi nilipona. Na hapa njo mambo inaanza kuwa ya muhimu, juu sisi wote tulifikiri kupona ni kumaliza. Kumbe mwili unaweka deni mu kitabu.

Hii si hadithi ya kwetu pekee. Kule Uingereza, mu jimbo ya Hertfordshire, kuanzia 1911 kulikuwa wamama wa afya wenye kupita nyumba kwa nyumba kupima watoto, kilo ya kuzaliwa na kilo ya mwaka moja, wanaandika mu vitabu vikubwa. Miaka mingi kisha, daktari David Barker na wenzake walifungua vile vitabu wakatafuta wale watoto wamekuwa nini, na 1989 wakaandika kwamba wanaume wenye walizaliwa wadogo na wenye walikuwa na kilo kidogo ku mwaka moja, ndio walikufa zaidi na ugonjwa wa moyo. Kisha 1992 Barker na mwenzake Hales wakaeleza hivi: mutoto mwenye njaa mu tumbo na mu ile miaka ya kwanza, mwili wake unajipanga kwa maisha ya njaa, unabana matumizi, pankreasi, kile kiungo chenye kusaidia mwili kutumia sukari, inabaki dhaifu, na siku moja akifika mu muji na kupata sukari na mafuta, ule mwili haujue kuvitumia. Ku figo pia ni vile, vile vichujio vidogo vya ndani vinatengenezwa vyote mbele mutoto azaliwe, ukizaliwa na kidogo utakufa na vile vile, havizaliwake tena, na tansio inatokea huko.

Na hapa karibu yetu kabisa, pale Lwiro, mu Kabare, walifanya kazi yenye inanigusa mimi zaidi ya ile ya Wazungu. Walichukua majina ya watoto wenye walilazwa na utapiamlo mukali kati ya 1988 na 2007, wakaenda kuwatafuta vijijini wakiwa sasa ni watu wazima, wamama na wababa, wakawapima, wakapima na majirani wao wa umri moja wenye hawakupitia utapiamlo. Matokeo ilitoka 2021. Wale wa utapiamlo walikuwa wafupi zaidi, walisoma kidogo zaidi, na sindromu metaboliki ilikuwa mingi zaidi kwao, yaani ile mukusanyiko ya tumbo nene, tansio, sukari ya juu, mafuta mabaya mingi mu damu na mafuta mazuri kidogo, ukiwa na tatu kati ya tano umeingia. Si watu wa Fanta na burger hawa, ni walimaji wa Kabare. Mimi sikuwa kati yao, nilitibiwa fasi ingine, lakini niliposoma nilichukua metre ya mushonaji nikajipima kiuno, 97. Kwa mwanaume wanasema isipite 94.

Basi shule ya mama inaingilia wapi? Inaingilia kila fasi. Professa mumoja, John Caldwell, alitazama Nigeria na 1979 akaonyesha kwamba watoto wa mama mwenye alisoma wanakufa kidogo, hata ukiwalinganisha na watoto wa mama mwenye hakusoma lakini bwana yake iko na kazi ya namna moja. Na 2010 watafiti wakafanya hesabu ya inchi 175 za dunia, kati ya vifo vya watoto milioni 8.2 vyenye vilipunguka kutoka 1970 mpaka 2009, milioni 4.2 wakaiweka ku masomo ya wanawake. Nusu na zaidi! Lakini watu wanasimama pale, mutoto hakufa, asante Mungu. Hawaulize yule mwenye hakufa akifika miaka 40 iko namna gani. Huko Marekani na Ulaya wameulizaka, na mara mingi wanakuta ya kwamba watu wazima wenye mama zao walisoma kidogo, wao njo wako na tumbo, tansio na sukari zaidi, na hata ukitia mu hesabu masomo ya mutoto mwenyewe, kitu kinabakia.

Mimi sihitaji profesa wa kunieleza kwa nini, nilikulia mule mule. Mama mwenye hakusoma anaolewa mapema, tumbo inafuatana na tumbo, ziwa inakatwa haraka. Ku CPN, kule wanapima wamama wenye mimba, wanamuongelesha Kifaransa, anasema ndiyo. Na kitu chenye watu hawapendi kuongea, mu nyumba yetu samaki ilikuwa ya baba. Sambaza, zile samaki ndogo, zikitoka Kadutu mama alikuwa anahesabu, baba kwanza, wageni kama wako, halafu sisi tunachovya bugali mu supu. Mama mudogo, dada ya mama mwenye alisoma ku masista mpaka akapata diplome akawa mwalimu, kwake nilikaa likizo moja nikaona kitu sijawahi kuona, alichukua kichwa cha samaki akaweka ku sahani ya mutoto mudogo na baba mudogo iko anatazama, na baba mudogo hakusema neno. Mimi sijasahau ile kimya. Yule mama alikuwa na mushahara wake (ule mushahara wa mwalimu munaujua, lakini ulikuwa wake), na alikuwa anajua kusoma barua zenye bwana yake anaandikiwa. Ile njo masomo, si kujua muji mukubwa wa Ubelgiji.

Sasa nisidanganye. Watoto wa mama mudogo wanne hakuna mwenye bwaki, hakuna mwenye sukari mpaka leo, lakini mukubwa wao, mwenye anafanya biashara pale Ibanda, iko na kitambi kinaingia mu nyumba mbele yake. Na familia moja si utafiti. Tena huku kwetu mama mwenye alisoma mara mingi njo mwenye pesa, njo mwenye kununua sukre ya kutia mutoto mu kisanduku cha shule, mayonezi, maziwa ya boite wakati ziwa liko. Mu inchi masikini unene unaanzaka kwa wenye pesa, kisha ndiyo unashuka kwa masikini, na sisi tuko katikati ya ule mulima. Hata kule Guatemala watafiti walijaribu mu vijiji vine, 1969 mpaka 1977, viwili vilikuwa vinapewa uji wa nguvu na viwili kinywaji tu cha bila protini. Wale wenye walipata uji toka mu tumbo ya mama mpaka miaka miwili, wakiwa wakubwa sukari ilikuwa kidogo kwao, lakini unene ulikuwa mwingi. Kwa hiyo msinisome kama nasema diplome ni dawa.

Na tena msinisome kama nasema ni kosa ya mama! Hii njo inanikasirisha zaidi, juu nimeona mutu akisikia haya mambo ya mimba na ziwa anarudi nyumbani kumulaumu mama yake, ao bibi yake. Mama yangu alitembea na mimi mugongoni kila mwezi, masaa mbili kwenda masaa mbili kurudi. Mwenye kuandika Kifaransa na nyekundu kwa mutu asiyesoma, akamurudishia karatasi na kuita mwingine, yule hakufanya kazi yake. Na yule muzee mwenye alimutoa mama shule, babu yangu, alifanya kile wote walikuwa wanafanya.

Kile chenye siwezi kuelewa ni sisi wa leo. Dada yangu, ule ule mudogo mwenye alinifuata, walimutoa mu ya tano 1998 juu ya prime, wazazi walikuwa wanalipa walimu wenyewe na pesa ilitosha kwa mimi tu. Mimi nikabaki. Nilikuwa nafurahi, nasema ukweli, sikufikiri hata siku moja juu yake. Katiba ya 2006 iliandika primere ni ya bure, tukangojea mpaka 2019 ndiyo ikaanza, na sawa, kalasi zilijaa mpaka watoto wanakaa chini, lakini wasichana waliingia. Sasa mutoto wa dada yangu, miaka 13, amemaliza ya sita na alama nzuri kuliko kaka yake, na ya saba iko na minervali (pesa ya shule), na shemeji anasema mwaka huu atalipia mwanaume kwanza, musichana asaidie mama ku soko, mwaka kesho wataona.

Bwana muhariri, sisi wa sukari tunajua tayari kupunguza chumvi na sukre, vidonge vyenyewe ndio shida ya kupata siku hizi. Ile ukurasa yenu ya afya ikirudi juu ya hii ugonjwa, mutume mutu ku kilo siku moja asikilize vile wanaongea na wamama, mu lugha gani, na aangalie ni wangapi wanaweza kusoma ile wanapewa mu mikono. Ataandika makala ingine.

Na juu ya yule musichana nilimuambia shemeji trimestre ya kwanza nitalipa mimi, na ya pili tutaongea. Akasema atafikiri. Shemeji ni musomaji wenu wa kila wiki, anaanzaka na ukurasa wa barua mbele ya mupira, kwa hiyo nikiwaomba musikate hii sehemu ya mwisho munajua ni juu ya nini.

Musomaji wenu,
Kadutu, Bukavu