Shukrani imekuja, mwenyewe hayupo

Shangazi, assalamu alaykum, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 44, naishi Ngamiani hapa Tanga, nakaanga vitumbua. Barua unazoandikiwa nimekuwa nikizisoma siku nyingi, na sikuwahi kufikiri nami nitaandika, maana nilikuwa na mtu wa kumwambia mambo yangu. Mtu huyo ndiye niliyemzika.

Leo ni miezi minne na siku kumi tangu afariki. Nimehesabu. Najua muda huo ni wa mke aliyefiwa na mume, na mume wangu mimi yu hai, yuko hapo nje anaziba pancha ya baiskeli yake. Eda sikukaa wala sikujaribu. Lakini kila alfajiri nikishaswali nilijikuta naongeza siku moja kichwani, mpaka hesabu ikatimia, nikaona leo nikae niandike.

Alikuwa shoga yangu. Nalitumia neno hilo kwa maana tuliyolelewa nayo sisi wanawake wa pwani, na sitalibadilisha kwa ajili ya wanaolisikia vingine. Miaka 19 tumekaanga kwenye baraza moja. Mimi nililetwa mtaani hapa bi harusi kutoka Pangani, simjui mtu, nashinda ndani. Wiki ya pili akaja na chuma chake cha vitumbua, kile cha matundu saba, akasimama mlangoni akaniuliza, "Mchele unajua kuuroweka?" Nikasema najua. "Basi kesho saa kumi alfajiri." Alikuwa kanizidi miaka sita.

Tangu siku hiyo mimi nikawa wa kuroweka, kusaga na kuumua, yeye wa motoni. Alikuwa akivigeuza kwa spoki ya baiskeli aliyoichonga ncha mwenyewe, upande wa mkononi kaizungushia kitambaa cha kanga kisimuunguze. Anaichomeka pembeni ya kitumbua, anazungusha mara moja tu, kinapinduka kizima, kingo zake rangi ya asali. Mimi nikimpokea akienda kuswali, katika saba lazima niharibu kimoja. Kilichoharibika tulikula wenyewe kwa chai.

Sasa nikuambie linaloniuma. Nilipojifungua mwanangu wa tatu ilikuwa kwa upasuaji, na siku 40 sikunyanyua hata ndoo. Yeye alifanya kazi ya watu wawili. Na kila jioni ya Mungu alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, akafungua pindo la kanga, akahesabu: hii yako, hii yangu, hii yako, hii yangu. Nusu kwa nusu, na mimi sijashika hata kikombe. Siku 40, Shangazi. Unajua nilimwambia nini siku ya kwanza? Nilimwambia, "Mbona leo chache?" Akacheka, nami nikacheka huku nimeshika kidonda. Ahsante sikusema, siku hiyo wala siku nyingine. Hatukuwa na desturi hiyo. Ahsante tuliiona ni neno la kuwaambia wageni.

Ugonjwa ulikuwa saratani ya shingo ya kizazi. Ulianza na damu iliyomtoka wakati hedhi ilishakoma zaidi ya mwaka. Kwenye zahanati moja aliambiwa ni mambo ya umri, akapewa vidonge, naye akaridhika kwa sababu jibu lilikuwa jepesi, na mimi nikaridhika naye. Ikapita karibu miezi minane. Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu kipimo cha mwanzo chenyewe ni cha dakika chache: wanapaka siki kwenye shingo ya kizazi, palipoanza kubadilika panageuka peupe, na mara nyingi panatibiwa kabla hapajawa saratani. Tulikuwa tukipita mbele ya tangazo la kipimo hicho kila tukienda Mgandini kununua nazi. Tunalisoma, tunapita.

Dar es Salaam alikwenda Ocean Road, mionzi siku 25, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tano. Wiki ya kwanza na ya mwisho nilikuwa naye. Tulipanda basi la alfajiri stendi ya Kange, na tulipofika kule akaiangalia bahari akasema, "Si ni hii hii ya kwetu." Akarudi, akakaa motoni tena karibu mwaka mzima, tukasema imekwisha. Iliporudi mara ya pili haikuchukua muda.

Ana binti mmoja, ana miaka 13, yuko darasa la saba. Ilipokuja chanjo shuleni, ile sindano moja wanayochomwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 kuzuia maradhi haya haya, bibi wa mtoto aligoma kwa maneno aliyoyasikia mtaani. Shoga yangu alikuwa amelala mkekani. Akasema, "Mama, nitazame mimi." Mtoto alichanjwa.

Siku ya msiba ndugu zake walimwosha, ndivyo inavyotakiwa. Mimi nilikuwa uani kwenye sufuria la wali. Akaja mama mmoja mgeni, nadhani wa upande wa Muheza, akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikamwambia rafiki. Akasema, "Aa," akanipa upawa. Simlaumu, hakuna alichokosea. Mama yake alipewa pole, dada yake alipewa pole, hata mume aliyemwacha miaka tisa iliyopita alipewa pole kule kwa wanaume. Mimi nilikoroga wali. Rafiki hana mahali pake pa kukaa msibani, na sikulijua hilo mpaka nilipolitafuta jamvi la kukaa nikaona yote yana wenyewe.

Siku ya nne niliroweka mchele. Nikapima kilo mbili, kipimo chetu cha wawili, nikasimama na kibaba mkononi nikijua ni mwingi. Sikupunguza. Siku zile niliharibu vitumbua vingi mno, wateja wakanunua hivyo hivyo, Mungu awalipe. Mama yake alinipa ile spoki. Hakusema kitu, aliifunga kwenye gazeti akamtuma mtoto.

Kama wiki ya sita hivi, asubuhi, bado giza, nilipindua vitumbua saba na vyote saba vikatoka vizima. Nikageuza shingo upande aliokuwa akikaa nimwoneshe. Hapakuwa na mtu, ila kile kigoda chake. Na mimi niliyekuwa nalia kwa kitu kidogo kuliko hicho, siku hiyo sikulia. Kifua kilifunguka, nikasema kwa sauti, "Ahsante." Kulikuwa na mzee anasubiri vya mia tano, akaitikia, "Haya, mama," akidhani namwambia yeye.

Tangu hapo nina amani, Shangazi. Sijui niieleze vipi. Nalala. Chakula kinapita. Nikimkumbuka nacheka kwanza, machozi yanafuata, na mara nyingine hayafuati. Kwenye simu nina ujumbe wake wa sauti, wa mwisho mwisho, "Mwenzangu, hamira inakaribia kwisha, usisahau," na ninaweza kuusikiliza mpaka mwisho nikaenda kununua hamira. Nimejikuta nashukuru vitu ambavyo alipokuwa hai nilivihesabu kama hewa: ile kesho saa kumi alfajiri, lile pindo la kanga, namna alivyokuwa akininyamazia nikiwa na hasira mpaka zishuke zenyewe. Ahsante ya miaka 19 imekuja yote kwa mpigo, na wa kupewa hayupo.

Hapo ndipo lilipo tatizo langu la kwanza. Siku ya hitma ya arobaini nilikaa na binti yake na wenzake wadogo, nikawa nawahadithia siku mama yake alipomkimbiza mbuzi aliyekula donge la unga wetu mpaka Barabara ya 12, kanga imemdondoka hana habari. Watoto wakacheka, yule binti akacheka mpaka akainama, na mimi nikacheka. Dada mkubwa wa marehemu alikuwa anapita na sinia. Akasimama akasema mbele ya watu, "Wewe machozi yako yamekauka mapema. Ndugu ndiye anayejua kufiwa." Sikumjibu. Ni mkubwa wangu, na kafiwa na mdogo wake. Lakini neno limeniingia, na usiku mwingine najiuliza kama kweli hii amani ni amani, au ni moyo mgumu umevaa kanga ya amani. Dini yetu imetupa siku tatu za kumwombolezea asiyekuwa mume. Hakuna niliyemsikia akisema ni lini mtu anaruhusiwa kufurahi kwamba alikuwa na rafiki wa namna ile.

La pili ni la fedha, na ndilo lenye tarehe.

Tuna mchezo wetu wa wanawake 12, kila mwisho wa mwezi 30,000 kila mtu, anayepokea anabeba 360,000. Shoga yangu alipangiwa wa 11. Alichanga miezi sita, akafariki mwanzoni mwa wa saba. Wenzetu walitaka kumrudishia mama yake ile 180,000 na kufunga jina. Nikawaambia acheni jina lake, nitalichangia mimi. Nimeshatoa mara nne, 120,000, na mwisho wa mwezi huu nitatoa tena, na ule wa mwisho pia. Sikutumwa na mtu. Mwenyewe kabla hajafa aliniambia, tena tukiwa wawili tu, kwamba zamu yake ikifika fedha ziende kwenye sare, godoro na madaftari ya mtoto akiingia kidato cha kwanza Januari. Nikitoka kuchanga kwa jina lake narudi nyumbani nimetulia kama niliyetoka kumtembelea.

Sasa dada yake amepata habari. Amesema fedha zikitoka apewe yeye, afanye hitma kubwa ya marehemu, watu wale washibe wamwombee, na kwamba mimi kuchanga kimya kimya ni kuwaaibisha, nionekane najali kuliko ndugu. Mume wangu anasema niache. Anasema, "Deni lako kwake umeshalipa." Nimemwambia halikuwa deni, angetaka kulipwa asingekuwa anagawa nusu kwa nusu. Na wala silikatai la hitma, dua kwa maiti nani atakayeikataa? Najua pia kwamba ile 180,000 aliyochanga mwenyewe ni mirathi, ina wenyewe kwa sheria ya dini, na si mimi wala dada mtu wa kuipangia. Ila 180,000 nyingine ni jasho langu na motoni nimekaa mimi.

Mke wa ustadhi wetu aliniambia jambo moja nalo ndilo limenishika. Alisema Mtume, rehema na amani zimshukie, baada ya kufiwa na Bi Khadija alikuwa akichinja mbuzi anawapelekea nyama marafiki wa Bi Khadija. Bibi mwenyewe hayupo, mapenzi yakawa yanapita kwa waliokuwa wake. Niliposikia hivyo nikasema basi ahsante yangu inapo pa kwenda, ina miaka 13 na inakwenda shule. Lakini mtoto yule ana mama yake mkubwa, na naogopa nikisimama kidete nitamgombanisha na upande wa mama yake, aje anisalimie kwa kujificha. Nikinyamaza, agizo nililopewa tukiwa wawili nitakuwa nimelitupa, na shahidi sina.

Kwa hiyo nauliza, Shangazi. Nimwendee dada mtu nimwambie mdogo wako aliniagiza hivi, au nipitie kwa bibi wa mtoto ambaye ananipenda lakini mtu mzima hataki makelele? Nitenge fungu langu nimnunulie mtoto vitu mkononi, fedha nyingine ziende kwa warithi wake? Na mchezo ukishakwisha, sina tena cha kuchangia kwa jina lake. Naogopa siku hiyo kuliko nilivyoogopa arobaini. Nifanye nini na mikono yangu?

Na lile la kwanza usiliache. Kama nimetulia mapema mno, niambie tu, sitachukia.

Mchezo ni tarehe 30, baada ya alasiri, barazani kwangu. Kigoda chake bado nakitoa nje kila siku, wateja wamezoea, hakuna anayekikalia. Ukiweza unijibu kabla ya hapo.

Mkaanga vitumbua, Ngamiani, Tanga