Shangazi, tukate tena pasi ya msimu au tuandike barua ya malalamiko?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni Mtanzania, naishi Marekani, katika jimbo ambalo sitalitaja kwa sababu bustani kubwa ya burudani iliyo karibu nasi ni moja tu na sitaki kumshitaki mtu gazetini. Nina mume na watoto watatu, wa kwanza ana miaka 14, wa pili 10, kitindamimba 5. Shida yangu inahusu pasi za msimu za kuingilia bustani hiyo, na najua msomaji aliyeko Tanga au Morogoro anaweza kuiona shida ya watu walioshiba. Naomba unisome mpaka mwisho, maana imefika mahali mimi na baba watoto tunazungumza kwa kuwatuma watoto.

Bustani za huku si kama bembea za sikukuu za kwetu, ambako unalipa kila mtoto anapopanda. Unalipa getini mara moja, ukishaingia unapanda chochote mpaka wafunge. Kwetu tiketi ya siku moja getini ni dola 80 kwa kichwa. Pasi ya msimu, ukiikata Septemba wakati wa ofa, ni dola 99, na unaitumia tangu siku hiyo mpaka mwisho wa mwaka unaofuata. Ukienda mara mbili hela yako imerudi. Ndivyo zinavyouzwa, na ndivyo mume wangu anavyozitetea mpaka leo.

Hatukukata peke yetu. Tuna kikundi cha Waswahili hapa mjini: Watanzania wachache, Wakenya, na walio wengi ni Wakongo wa Kivu na Warundi, baadhi yao wamekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa huku. Wanafanya kazi kwenye maghala na viwanda vya nyama. Familia ya watu saba kwa dola 99 kila mtu, hiyo si hela ya kuchezea, kwa hiyo wengi walichagua kulipa kidogo kidogo, inakatwa kwenye kadi ya benki kila mwezi. Mimi kazi yangu ni ukalimani. Ndiye niliyekaa nao jioni, familia moja baada ya nyingine, nikawasomea masharti na kuwajazia fomu. Nilisoma kila mstari. Ndiyo maana sasa simu zote zinanijia mimi.

Kilichouza pasi zile kilikuwa ni rolakosta moja, yaani kile kigari cha mchezo kinachopanda juu kwenye reli na kushuka kwa kasi, kubwa kuliko zote za hapo. Picha yake ilikuwa kwenye bango la barabara kuu, kwenye tovuti yao, hata kwenye kadi yenyewe. Mwanangu wa pili aliipania. Sharti la kuipanda ni urefu wa inchi 54, yaani sentimita 137, na majira yote ya baridi kila Jumapili alikuwa anasimama kwenye fremu ya mlango wa jikoni, visigino vimebana ukuta, mimi naweka alama ya penseli. Mwezi wa tano alipita ule mstari. Alikimbia nyumba nzima.

Siku tulipokwenda, kwenye lango la foleni ya ile rolakosta kulikuwa na mnyororo na karatasi iliyoandikwa kwamba imefungwa kwa muda. Pembeni alisimama binti mfanyakazi, nadhani hata shule ya sekondari hajamaliza, ana kile kijiti cha kupimia watoto. Alimwona mwanangu anavyoangalia juu, akamwita, akampima hivyohivyo, akamwambia, "Umefika, na umezidi kidogo." Yule binti Mungu ambariki. Mwanangu akaniuliza kama tutarudi kesho yake. Mnyororo ule haukutoka hadi shule zilipofunguliwa mwezi wa nane, na ulipotoka, bustani ilikuwa inafunguliwa Ijumaa hadi Jumapili tu, siku ambazo baba yao anaingia zamu.

Nataka unielewe vizuri hapa, Shangazi, kwa sababu mume wangu huwa ananikatiza papo hapo. Ananiambia, "Mashine ikiwa mbovu unataka waifungue watoto wafe?" Hapana. Mashine yenye kasoro ifungwe, ifungwe hata mwaka mzima, na fundi anayeifunga nampa heshima yangu yote. Na masharti yanasema wazi kwamba mchezo wowote unaweza kufungwa bila taarifa. Kinachoniuma ni kwamba muda wote mnyororo ule uko pale, bango la barabara kuu liliendelea kuonyesha rolakosta ileile, na ofa za pasi ziliendelea kutumwa kwenye simu zetu na picha yake juu. Mwezi wa saba mama mmoja wa Kivu alikata pasi nne kwa ajili ya picha hiyo. Walijua imefungwa na wakaendelea kuuza pasi kwa picha yake.

Mengine ni madogo madogo, lakini yanajumlishana. Pasi ya daraja la chini safari hii haina maegesho, na gari moja ni dola 30. Chakula cha nyumbani hakiruhusiwi kupita getini. Siku za katikati ya wiki zilipunguzwa kwenye kalenda baada ya sisi kulipa. Jumamosi za Oktoba pasi yetu haikubaliwi. Kisha ikaja kanuni kwamba kuanzia saa kumi jioni mtoto wa miaka 15 au chini lazima awe na mtu mzima wa miaka 21. Hii ya mwisho siipingi. Bustani nyingi za Marekani zimeiweka tangu 2022, Knott's Berry Farm ya California ilipoiweka baada ya vijana kupigana, na mimi mwenyewe naona ni salama zaidi. Ila kwa familia ambayo baba na mama wote wanatoka kazini jioni, ina maana binti wa miaka 14 hawezi tena kwenda na wenzake, na pasi yake ilishalipiwa.

Niliandika huduma kwa wateja. Wakanijibu kwa adabu kwamba wanasikitika na kwamba michezo hufungwa kwa usalama. Nikaandika tena, nikaeleza kwamba swali langu ni la tangazo, si la usalama. Jibu likaja lilelile, neno kwa neno, jina la chini tu limebadilika. Mwishowe wakanitumia kuponi ya punguzo la asilimia 10 kwenye duka lao la zawadi.

Sasa nikueleze upande wa mume wangu, maana si mtu mbaya na hoja zake zina uzito. Anafanya kazi usiku. Anasema kabla ya pasi watoto walikuwa wanashinda ndani na simu, na msimu huu walipata mahali pa kukimbia, kuteleza kwenye maji na kurudi wamechoka. Akigawa dola 99 kwa siku tulizoenda, kila siku inatoka chini ya tiketi ya sinema. Ni kweli, hesabu yake haina kosa. Mimi nikiongeza maegesho, chakula na maji ya watu watano kwenye jua, naona siku moja ya "bure" inatutoka dola 100 na zaidi, na hii nayo haina kosa. Tumeshapigiana hesabu hizi mpaka mtoto mkubwa akituona na karatasi anaondoka sebuleni.

Hoja yake ya pili ndiyo inayonisumbua. Anasema sisi ni wageni, tusiwe wa kwanza kupiga kelele. Na anasema kulalamika hakuna faida, akanitolea mfano wa Disneyland, bustani ya burudani ya kampuni ya Disney huko California. Mwaka 2021 Disney waliuza pasi ya mwaka kwa dola 1,399, wakaitangaza kwamba haina siku ambazo mwenye pasi anazuiwa kuingia. Mama mmoja alipotaka kuweka nafasi akakuta siku nyingi hazipatikani kwa wenye pasi, huku tiketi za siku moja za siku hizohizo bado zinauzwa. Akaenda mahakamani. Mwaka 2023 Disney wakakubali kulipa dola milioni 9.5 bila kukiri kosa, zikatolewa gharama za kesi, zilizobaki zikagawanywa kwa watu zaidi ya laki moja, kila mmoja takriban dola 67. "Miaka miwili ya mahakama kwa dola 67," anasema mume wangu. Mimi kesi ileile naisoma tofauti. Mtu mmoja aliuliza swali kuhusu tangazo, na kampuni kubwa namna ile ilibidi ilijibu.

Tena hizi kampuni zinawasikia wateja pale wateja wanapopungua. Mwaka 2022 Six Flags, kampuni yenye bustani nyingi za burudani, walipandisha bei na kufuta punguzo nyingi, na wageni wao wakashuka kutoka milioni 27.7 mwaka 2021 hadi milioni 20.5. Mwaka 2024 wakaungana na wenzao wa biashara hiyohiyo, Cedar Fair, wakawa kampuni moja yenye bustani 42, na Novemba 2025 wakaifunga kabisa ile ya Bowie, Maryland, karibu na anakoishi wifi yangu. Kwa hiyo hata hesabu ya mume wangu ya miaka ijayo inategemea mambo ambayo sisi hatuyaamui.

Rafiki yangu wa Louisville, Kentucky, ananishauri tuachane na ya kwetu tukate pasi ya bustani ya Holiday World, katika mji uitwao Santa Claus, jimbo la Indiana. Pale maegesho ni bure, soda ni bure tangu mwaka 2000, hata mafuta ya kujikinga na jua wanakuwekea. Nilipomsikia nilitamani sana. Lakini kutoka kwetu ni mwendo wa saa kadhaa barabarani, na wenzangu wengi kwenye kikundi wana gari moja linalopelekwa kazini kila siku. Shauri hilo lingenifaa mimi, wao lisingewafaa.

Kuna jambo jingine, nalo lina tarehe. Pasi za kulipa kila mwezi zinajihuisha zenyewe: usipofuta kabla ya tarehe yao, wanaendelea kukata, tena kwa bei mpya. Ofa ya kuhuisha kwa bei ya zamani inaisha mwisho wa mwezi huu. Mume wangu anataka tuhuishe sasa hivi, mwakani mtoto apande rolakosta yake, tufunge mjadala. Wanawake wa kikundi wanataka kwanza tuandike barua moja ya pamoja, majina yote chini, tudai mambo mawili: waliokata pasi wakati rolakosta imefungwa wapewe chaguo la kurudishiwa, na wanaolipa kwa mwezi wafutiwe bila faini. Ikikataliwa, tuipeleke ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, ambayo inapokea malalamiko ya wateja bila malipo na bila wakili. Mkutubi wa maktaba yetu ndiye aliyenielekeza. Aliniambia pia kwamba aliyelipa kwa kadi ya mkopo anaweza kupinga malipo kwa maandishi ndani ya siku 60 tangu atumiwe bili, lakini wenzangu karibu wote walilipa kwa kadi ya benki ya kawaida, ambayo haina kinga hiyo.

Barua nimeshaiandika, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili ili kila mtu ajue anachosaini. Majina yakaanza kuja, kisha yakaanza kutoka. Baba mmoja wa Kirundi, ambaye karatasi zake za ukaazi bado hazijatoka, alinipigia usiku akaniomba nimfute. Akaniambia hataki jina lake lionekane kwenye ofisi yoyote ya serikali kwa ajili ya bembea. Nilimfuta palepale. Tangu siku hiyo najiuliza kama wengine wamebaki kwenye orodha kwa kuwa wanataka, au kwa kuwa mimi ndiye ninayewatafsiria barua zao za hospitali na shule na wanaona aibu kunikatalia.

Mume wangu amesema nikiipeleka jina lake nisiliweke, na kwamba watoto wasije wakafutiwa pasi kwa sababu ya mama yao. Mwanangu wa kati alisikia hilo. Hajaniuliza kitu, ila ameacha kuitaja ile rolakosta mbele yangu.

Sasa naomba unishauri. Je, nihuishe pasi za watoto wangu kabla ofa haijaisha, halafu bado nitie saini barua ya kulalamika, au nikihuisha nimejiondolea haki ya kusema? Je, niipeleke kwa jina langu peke yangu ili wenzangu wasiwe na hofu, ingawa najua jina moja litajibiwa kwa kuponi nyingine? Na huyu baba watoto, ambaye hesabu yake ni sahihi na bado siwezi kukubaliana naye, nimwambie nini ili anielewe kwamba sipigani na furaha ya watoto wake?

Wasomaji wenzangu mlioko nje, kama kuna aliyewahi kuandika barua ya namna hii na kikundi chake, naomba mnieleze mlianzaje na walioogopa mliwafanyaje.

Wako,
Mama wa watatu, Marekani