Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Wanachama wenzangu,

Kwa niaba ya kamati, ninawasilisha taarifa ya mwaka kuhusu kazi ya kujitolea katika hifadhi yetu ya ndege. Hesabu za fedha zitasomwa na mweka hazina, nami sitazigusa, ila nitasema tu kwamba ada zenu ndizo zilizonunua darubini tunazowaazima wageni wasio na zao.

Jambo lililoishughulisha kamati kuliko yote ni mapokezi ya wageni. Nairobi imejaliwa ndege: Mbuga ya Taifa ya Nairobi peke yake, iliyofunguliwa mwaka 1946, ina orodha ya zaidi ya aina 400, na Kenya nzima ina zaidi ya aina 1,000. Hata hivyo, wengi wanaofika langoni kwetu hawajui ndege zaidi ya kongoti waliojazana juu ya migunga ya Barabara ya Mombasa, karibu na Uwanja wa Nyayo, na kwarara anayewaamsha alfajiri kwa kelele zake. Baadhi ya wenzetu huuona huo kuwa upungufu wa mgeni, lakini kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia. Mgeni anayeelezwa kwamba kwarara huyo anayemkera huchokoa ardhi kwa mdomo wake mrefu uliopinda, akitafuta minyoo na mabuu ya wadudu, husikiliza kwa makini kuliko yule anayesomewa orodha ya ndege ambao huenda asiwaone siku hiyo.

Msimu wa masika ulituonyesha hivyo waziwazi. Kwera walisuka viota vyao kwenye matete ya bwawa, na kwa kuwa dume ndiye msukaji, watoto wa shule walimtazama akining'inia chini ya kiota na kupigapiga mabawa ili jike aje kukagua. Jike asiporidhika, kiota huweza kubomolewa na kazi ikaanza upya. Hakuna mahali watoto walipokaa muda mrefu kama pale, na walimu wao vilevile, ingawa walimu walijifanya wanasimamia nidhamu.

Lakini mahali panapovutia wageni ndipo pia panapohitaji ulinzi. Ndege akifurushwa kiotani mara kwa mara, mayai hupoa na makinda hubaki wazi kwa kunguru na nyoka. Kwa sababu hiyo kamati iliamua kwamba kila kundi litangulizwe na mwanachama mmoja na kufuatwa nyuma na mwingine, na kwamba mtu yeyote asicheze kwa simu sauti za ndege zilizorekodiwa, kwa maana dume anayezisikia hudhani mshindani ameingia katika eneo lake na hupoteza nguvu na muda wa kula akijibizana na mshindani asiyekuwepo. Wapiga picha wachache walinung'unika. Kamati haikubadili uamuzi, na ninaomba mkutano huu uuidhinishe.

Usafi wa bwawa na ukarabati wa njia uliendelea kama kawaida.

Upungufu wetu mkubwa uko kwenye zamu. Jumamosi tunakuwa wengi kupita kiasi, hata wengine hukosa kazi na kuishia kupiga gumzo langoni, ilhali siku za kazi, ambazo ndizo shule hutuletea wanafunzi, mzigo hubebwa na wastaafu wachache. Asubuhi nayo ina ugumu wake: ndege huonekana vizuri zaidi tangu macheo, yaani mnamo saa kumi na mbili na nusu, saa ambayo wengi wetu bado tumo ndani ya matatu. Kamati inapendekeza kwamba wanaoishi karibu wachukue zamu za mapema, na wanaotoka mbali wapokee makundi ya kuanzia saa nne.

Kufikia Oktoba, mbayuwayu, keremkerem na wahamaji wengine kutoka Ulaya na Asia watakuwa wameanza kurejea, na kwa kawaida hukaa hadi Machi au Aprili. Kwa kuwa hicho ndicho kipindi chenye maombi mengi ya ziara, walio tayari kushika zamu ya siku moja ya kazi kila mwezi wampe katibu majina yao leo kabla ya uchaguzi wa kamati kuanza, ili ratiba iandaliwe kabla ya mwisho wa Septemba.